The Last Guardian: Mnyama Hasikii, Kamera Nayo Haisikii

Habari zenu wapenzi wa magemu, karibuni tena. Leo tunalichambua The Last Guardian, gemu ambalo tangu litoke kwenye konsoli ya PS4 Desemba 2016 halijawahi kuwapatanisha watu. Huyu atakwambia alilia machozi mwishoni. Yule atakwambia alizima konsoli kabla hata ya kufika nusu na hana mpango wa kurudi. Na wote wamecheza kitu kilekile.

Nawaambia mapema nimesimama upande gani: nalipenda sana gemu hili. Lakini wanaolilalamikia hawajasema uongo. Kinachoniudhi ni kwamba malalamiko yametiwa yote kwenye kapu moja. Humu ndani kuna kasoro za kweli, za kiufundi, ambazo hakuna wa kuzitetea. Na kuna mambo yaliyowekwa kwa makusudi kabisa, ambayo ndiyo roho ya gemu, nayo yanaitwa kasoro. Leo nataka tuvitenganishe.

Kwa ambaye hajaliona kabisa: unacheza kama mtoto wa kiume anayezinduka pangoni, mwili mzima una michoro asiyojua imetoka wapi. Pembeni yake amelala mnyama mkubwa kama nyumba, amefungwa mnyororo, mikuki imemchoma mwilini. Huyo ndiye Trico. Ana manyoya ya ndege, masikio na mkao wa paka, na macho ya mbwa anayekutazama unapokula. Mnataka kutoka kwenye bonde lenye magofu marefu yanayopanda hadi mawinguni. Mtoto hana silaha. Hana ramani. Hakuna mstari wa uhai juu ya skrini, ule wa kuonyesha nguvu zilizobaki. Anachotegemea zaidi ni sauti yake, na yule mnyama, ambaye mwanzoni hamwamini.

Historia yake lazima niiguse, maana imechangia ugomvi. Mkuu wa kazi hii ni Fumito Ueda, yuleyule aliyetuletea Ico mwaka 2001 na Shadow of the Colossus mwaka 2005. The Last Guardian lilitangazwa Los Angeles kwenye maonyesho ya E3 mwaka 2009, likiwa la PS3, na ahadi ilikuwa litoke 2011. Halikutoka. PS3 ililemewa, Ueda mwenyewe akaacha kuwa mwajiriwa wa Sony ila akaendelea kuliongoza kwa mkataba, na watu wakaanza kusema gemu limekufa. Likaibuka tena E3 ya 2015, safari hii kwa ajili ya PS4. Kwa hiyo kuna mtu alisubiri miaka saba. Ukisubiri kitu miaka saba, kichwani unakuwa umeshakitengeneza cha kwako, na cha kweli kikija lazima kikupungukie mahali. Lakini pia kuna upande wa pili: gemu lenyewe lina mifupa ya mwaka 2009. Namna mtoto anavyokimbia, namna kamera inavyogeuka, namna batani zilivyopangwa, vyote ni vya zamani. Lilizeeka kabla ya kuzaliwa.

Haya, tuje kwa Trico.

Malalamiko namba moja ya wachezaji ni kwamba mnyama hasikii. Unabonyeza batani ya R1 kwenye pedi, mtoto anamwita. Unashikilia R1 na kuongeza batani nyingine, mtoto anamwonyesha kwa mkono na mwili: ruka, nenda kule, piga pale. Trico anakutazama. Anageuza kichwa. Anajikuna. Anaenda kunusa kona ambayo haihusiani na chochote. Unarudia. Anakutazama tena. Mtu aliyezoea magemu ambayo batani ikibonyezwa kitu kinatokea papo hapo, hapa damu inachemka, na namwelewa kabisa.

Lakini mtazameni vizuri anachofanya wakati huo. Ukimwonyesha dirisha la juu, hapuuzi tu. Anainua shingo, anapima umbali, masikio yanasimama, miguu ya nyuma inajikunja kidogo, halafu anasita. Anarudisha kichwa chini, anakutazama kama anayeuliza una uhakika? Kisha ndipo anaruka. Sijaona gemu lingine ambalo mnyama ana hiyo hatua ya katikati, ya kufikiri kabla ya kutenda. Na mwanzoni mwa gemu anachelewa zaidi. Kadiri mnavyosafiri pamoja, ukamlisha mapipa yake ya chakula, ukamchomoa mikuki, ukampapasa baada ya vita hadi atulie, anaanza kuitika haraka zaidi. Uaminifu hauonyeshwi kwa namba pembeni ya skrini. Unauona kwenye muda anaochukua kukuitikia.

Sasa jiulize, kama angetii kila amri kuanzia dakika ya kwanza, hilo lingewezekanaje? Angekuwa gari. Ungempanda, ungemwendesha, ungemsahau. Daraja linapoporomoka, mtoto anaruka kwenye utupu na Trico ndiye tumaini lake pekee, moyo unaenda mbio kwa sababu moja tu: umeshazoea kwamba huyu mnyama anaweza asifanye unachotaka. Humo magofuni kuna vioo vyenye umbo la jicho, na hofu yake navyo ni hivyohivyo. Akikiona kimoja anarudi nyuma, anatetemeka, hata ukimbembeleza haendi, na ni wewe mtoto mdogo unayelazimika kutangulia kwenda kukiondoa. Siwaambii linakuja kutokea nini na hofu hiyo mbele ya safari, kachezeni wenyewe. Ila halitakuwa na uzito wowote kwako kama hukuwahi kumwona amekataa.

Kwa hiyo hapo ninasimama na Ueda moja kwa moja. Mnyama kutosikia si kasoro.

Tatizo ni kwamba kuna nyakati huwezi kujua kama mnyama anasita au gemu limekwama, na hapo ndipo wakosoaji wanaposhika penyewe. Mfano mzuri ni kwenye maji. Kuna sehemu ambayo njia pekee ya kutoka ni Trico azame chini ya maji na wewe umemshikilia manyoya. Mtoto mwenyewe hawezi kufika huko peke yake. Unapanda mgongoni, unaelekeza chini, Trico anaogelea anazunguka. Unaelekeza tena. Anazunguka. Sasa hujui: je, hii siyo njia yenyewe, nikatafute nyingine? Je, nimekaa vibaya mgongoni? Je, anaogopa? Je, amri haijasomwa? Wachezaji wengi wametoka majini, wakazunguka chumba kizima wakipapasa kuta, wakati jibu walikuwa nalo tangu mwanzo. Kuna sauti ya mzee anayesimulia, ambaye hukupa dokezo ukikaa muda mrefu, lakini dokezo halisaidii kitu kama tayari unafanya lililo sahihi na mnyama haendi.

Hilo ni kosa la ubunifu, wala tusilifunike. Ukitaka mnyama awe na hiari yake, unatakiwa umpe mchezaji ishara ya kumwambia "nimekusikia, subiri" tofauti na "sijakusikia". Nchi kavu Trico anazo ishara hizo, zipo shingoni na masikioni. Majini mwili wake wote uko chini ya wewe, huoni uso, huoni chochote. Wamekunyima lugha mliyokuwa mkizungumza halafu wakakupa mtihani.

Tukitoka hapo ni kamera, na hapa sina huruma. Kamera ya gemu hili ni mbovu. Una mnyama mkubwa anayejaza korido, una mtoto mdogo katikati ya miguu yake, na kamera inajaribu kuwaonyesha wote wawili kwenye nafasi finyu. Matokeo yake mara nyingi unatazama manyoya tu, skrini nzima. Ikibanwa zaidi kati ya ukuta na Trico, skrini inakuwa nyeusi kwa muda mpaka ipate pa kukaa. Unasukuma kijiti cha kulia inajivuta taratibu kama imetiwa gundi, ukiachia nayo inajirudisha inakotaka yenyewe. Kuna mtu husema eti hata hii ni makusudi, eti ujisikie mdogo na mnyonge. Hapana jamani. Mtoto kuwa mdogo nakubali. Mimi ninayeshika pedi kushindwa kuona ukingo ninaotakiwa kurukia, hilo halina falsafa yoyote.

Mtoto naye kwenye kuparamia ana shida zake. Anashika kila kitu kilicho karibu, sawa, lakini kuachia ndiyo kazi. Unataka ashuke kutoka mgongoni mwa Trico, yeye anahamia ubavuni, kisha tumboni, kisha anaparamia tena juu. Na maelekezo ya batani yanaendelea kujitokeza kwenye skrini hata ukiwa umeshafika mbali kabisa, kwenye gemu ambalo limeondoa karibu kila kitu kingine machoni ili ubaki na magofu na mnyama tu. Mtu aliyeondoa ramani na mstari wa uhai, kisha akaacha "bonyeza hapa uruke" mpaka dakika za mwisho, mimi ananishangaza.

Vita vyake ni vya ajabu kwa namna nzuri. Maadui ni deraya zinazotembea, ndani hamna mtu. Hazikupigi ufe. Zinakubeba begani kukupeleka kwenye mlango unaong'aa, huku maandishi yakijaa skrini na wewe unabonyeza batani zote kwa pamoja ujinasue. Peke yako huna nguvu ya kuzishinda, unaweza kukimbia na kumwita Trico. Anapofika anazivunjavunja kwa hasira, macho yamebadilika rangi, na vita vikiisha bado hajatulia. Lazima upande, umtafute palipo na mkuki, uchomoe, umpapase taratibu. Wapo wanaosema sehemu hii inachosha kwa kujirudia. Kweli inajirudia, na kule kubonyezabonyeza batani kunachosha vidole. Ila ule upapasaji baada ya vita sichoki nao, damu ikiwa bado kwenye manyoya, pumzi zake zikishuka kidogokidogo hadi sauti ya ukali inageuka kuwa ya kubembelezwa.

Kuhusu muziki wa Takeshi Furukawa niseme neno moja tu: unajua kunyamaza. Sehemu kubwa unasikia upepo, kucha za Trico kwenye mawe na sauti ya mtoto akiita.

Sasa fremu, yaani idadi ya picha zinazopita kwenye skrini kila sekunde. Kwenye PS4 ya kawaida lengo ni fremu 30 kwa sekunde na mara nyingi halifikiwi, hasa mkiwa nje juu kabisa, upepo unapopeperusha manyoya na nyasi na bonde lote linaonekana. Picha inakuwa nzito, na ukichanganya na kamera ile, kuruka ukingo mwembamba kunakuwa kubahatisha. Kwenye PS4 Pro hali ni nafuu, hasa ukiweka picha ya 1080p badala ya kukazania ile kali zaidi ya 4K.

Je, ulicheze? Kama unacheza ili ujisikie mkali, vidole vyako vitii na adui aanguke, achana nalo kwa amani, utateseka bure na halitakuwa kosa lako. Kama unaweza kukaa na kiumbe asiye na haraka, cheza. Na nikupe mbinu moja itakayokuokoa: usimpigie Trico kelele. Toa amri moja, kisha toa kidole kwenye R1 umtazame. Ukimrundikia amri tano kwa sekunde tatu, ile ya pili inamkatiza alipokuwa anaanza kuitika ya kwanza, na mnaishia kusimama wote. Uelekeo nao ni muhimu. Mgeuze mtoto atazame hasa mahali unapotaka aende, panda kichwani au shingoni badala ya mkiani, halafu ndiyo uelekeze. Kule majini vivyo hivyo: shikilia, elekeza chini mara moja, subiri, na usikimbilie kutoka.

La mwisho ni kwa wenye PS5 yenye sehemu ya diski. Toleo lililo kwenye diski yenyewe, lile 1.00 kabla ya masasisho, halikuwekewa kikomo cha fremu 30. Kwenye PS5 hilo linapanda mpaka fremu 60, na gemu linageuka jingine kabisa: kamera inakuwa nyepesi, mtoto anaitika pedi, hata kusita kwa Trico unakuona vizuri. Masasisho yakiingia, kikomo kinarudi. Kwa hiyo kata intaneti kabla ya kuingiza diski, lisakinishe hivyohivyo, na likikuomba sasisho likatalie. Kama lilishasasishwa, lifute kwenye konsoli na uanze upya kutoka kwenye diski. Walionunua la kupakua hawana njia hiyo, maana wao hupewa toleo lililokwisha kusasishwa. Kama bado hujanunua na konsoli yako inakubali diski, tafuta diski.