Jimu ya kina mama Ngamiani: mazoezi safi, ila mzani na ile chai hapana

Kuna watu wameniuliza kuhusu jimu ya kina mama kule Ngamiani, hapa Tanga, nimeshakaa nayo vya kutosha naweza kuisema. Jina naliweka kando kwasababu kuna mambo nitayasema sio mazuri na sitaki kumharibia mtu biashara, nataka warekebishe.

Naanza na kocha. Huyu dada anajua kazi yake jamani, hapigi mtu kelele wala hamsemi mtu mwili. Darasa ni Jumatatu, Jumatano na Jumamosi baada ya alasiri, dakika 50, yani ukihudhuria zote tatu umeshatimiza zile dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linasema ndo kiwango cha chini kwa mtu mzima, na vyuma vidogo mnanyanyua pia manake misuli nayo inataka kazi yake angalau mara mbili kwa wiki. Anaanza taratibu, mabega, kiuno, magoti, alafu ndo mnachuchumaa na kuinuka, mwenye goti bovu anapewa kiti ashikilie na hamna anayemcheka.

Ila kilichonifanya nimwamini ni siku ya kwanza. Kabla hujaruka hata mara moja anakukalisha chini upumzike kidogo, anakupima presha, alafu anachukua futi ya fundi cherehani anakuzungushia tumboni, anakwambia shusha pumzi usilivute tumbo ndani, ndo anasoma. Mwanamke ukivuka sentimita 80 na mwanaume 94 hatari ya sukari na maradhi ya moyo inaanza kupanda, sababu mafuta yaliyojificha ndani ya tumbo kuzunguka ini na utumbo ndo yenye madhara zaidi kuliko hayo ya mapajani na makalioni ambayo watu wanayasema kila siku. Anaandika kwenye daftari lake, anafunga, basi. Siri yako na yeye.

Sasa ukitoka kwa kocha ukifika kaunta ni dunia nyingine kabisa. Kuna mzani pale mlangoni na juu yake ubao mweupe una majina yetu, mbele ya kila jina kilo ulizopungua wiki hiyo, na aliyepungua kuliko wote anapigwa picha anarushwa stetasi. Kuna mama mmoja mtu mzima anatokea Makorora, presha yake alipoanza ilikuwa inacheza 160 na kitu ya juu, sasa hivi inasoma 130 na kitu (dawa zake za hospitali anameza kama kawaida, kocha mwenyewe alimkataza kuziacha), ngazi anapanda bila kusimama katikati, usingizi anaupata. Ubaoni kaandikiwa sifuri kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nimesimama nae pale akaniambia "mwanangu, mie nimekuja kutafuta pumzi, hizo kilo wanaziulizia wao." Inaniuma sana kwakweli, huyu ndo alitakiwa apigwe picha.

Pembeni ya ubao kuna chati ya BMI, ile kilo unagawanya kwa urefu wa mita mara urefu, chini ya 18.5 umekonda, 25 kwenda juu umezidi. Hesabu hii ilianza na Adolphe Quetelet, Mbelgiji, miaka ya 1830, na yeye alikuwa mtu wa takwimu na nyota sio daktari, alikuwa anatafuta mtu wa wastani anafananaje. Jina la BMI limekuja 1972 kwa Ancel Keys wa Marekani. Kwa kuangalia kundi kubwa la watu inasaidia, lakini kwa mtu mmoja mmoja haijui hii kilo ni msuli au ni mafuta au ni maji, na haijui kabisa sukari yako ikoje. Unaweza ukawa kimbaumbau unasifiwa mtaa mzima kumbe sukari imepanda na hujawahi kupima, kisa nani atamwambia mwembamba akapime?

Tuje kwenye chai. Kaunta wanauza pakiti za chai ya kukata nyama uzembe, dozi ya siku 28, picha ya mdada ana kiuno cha nyigu. Geuza nyuma usome yale maandishi madogo, cha kwanza kabisa ni majani ya sena, na sena ndo sanamaki hiyo hiyo ambayo bibi zetu hapa Pwani wanaijua, unachemshiwa kidogo ukifunga choo na hurudii. Sanamaki inafanya kazi kwenye utumbo mpana, na chakula kinakuwa kimeshanyonywa sehemu kubwa huko nyuma kwenye utumbo mwembamba, kwahiyo kinachokutoka ni maji na chumvi za mwili kama potasiamu ambayo moyo unaitegemea ili upige sawasawa. Mzani utashuka ndio, ukinywa maji unarudi pale pale, na mafuta yako hayajaguswa. Kawaida ya dawa hii ni kutovuka wiki moja bila daktari, hapa mtu anauziwa siku 28! Na hiyo ndo yenye maandishi, zile dawa za kupunguza mwili zisizoandikwa kitu ndo uziogope zaidi, duniani zimeshakamatwa nyingi zimechanganywa sibutramini kimyakimya, dawa ya kukata hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani 2010 sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Binti mmoja wa darasa letu anajiandaa na harusi, alikuwa anainywa hiyo chai na chakula amekata. Katikati ya zoezi akalegea, midomo imekauka, jasho la baridi. Kocha akamlaza miguu juu, alipopata fahamu vizuri akampa maji ya sukari na chumvi kidogo, akamwambia mbele yetu "mdogo wangu huji tena hapa na njaa, nitakurudisha nyumbani." Alafu binti kwenye ule ubao ndo alikuwa anaongoza.

Sisi Pwani tulikuwa na yetu, mwali anawekwa ndani, anakula, anasingwa, atoke ametakata na mwili umejaa. Miaka ile ya tisini mtu akikonda tu mtaa umeshamhukumu ana ngoma, yani ukimwi. Leo bibi harusi anaambiwa gauni limeshakodiwa ajibane aingie. Mwili wa mwanamke unasemwa na kila mtu, na katika wote hao sijasikia aliyeuliza damu ya huyu binti ikoje.

Karatasi ya dayati wanayogawa nayo siipendekezi, mayai na tango asubuhi, usiku maji matupu. Tuko Tanga jamani, samaki wa Deep Sea yupo, mchicha, kunde, mbaazi, chungwa la Muheza ulile lenyewe na nyama zake usikamue juisi, ugali wa dona kiasi. Punguza mafuta ya kukaangia, soda, na chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku pamoja na ile iliyoko kwenye mkate. Na baiskeli yako usiiuze, kwenda nayo kazini nako ni zoezi.

Bei ni 30,000 kwa mwezi au 3,000 kwa siku, kwa yule kocha ni halali kabisa. Maliwato masafi, feni mbili moja inasuasua, maji ya kunywa beba yako. Baiskeli unaifunga chini kwa mlinzi. Ukifika kaunta waambie jina lako lisiandikwe ubaoni, mie niliwaambia wakakubali bila ugomvi, na tukiwa wengi tunaokataa huo ubao watauondoa.