Kinderhook pazuri, ila huyo mwongoza wageni!

Mnivumilie, bado nina hasira. Majuzi majani yalipoanza kupukutika, kampuni moja ya kutembeza watu ilitupeleka Kinderhook, kijimji cha Waholanzi wa kale kusini mwa Albany, jimbo la New York. Nauli siitaji, itanipandisha presha tena.

Majumba yenyewe, haki ya Mungu, ni kazi ya fundi. Ile ya Luykas Van Alen ipo tangu 1737. Ndani, mahali pa moto hapana kuta za pembeni, moto unakaa wazi chini kama mafiga ya bibi. Mlango umekatwa katikati: unafungua nusu ya juu upate hewa, nusu ya chini unaiacha imefungwa, nguruwe wasiingie. Hapo nilikuwa nimeshawapa nyota tano moyoni.

Sasa huyo mwongozaji. Alitupigia hadithi ndefu za vigae, kisha za Rais wa Marekani Martin Van Buren, mtoto wa Kinderhook, aliyezaliwa 1782 na kukua akisema Kiholanzi. Baba yake Rais alikuwa na kilabu cha wasafiri, na alimiliki watumwa. Nikauliza kwa adabu zangu zote: “Samahani kaka, watumwa walikuwa wanalala wapi kwenye nyumba kama hizi?”

Akanitazama toka kichwani hadi viatuni. “Mama, leo tumekuja kuangalia ujenzi.” Na wenzangu wakacheka!

Ujenzi! Kwani kuni za huo moto zilijikata zenyewe? New York ilimaliza utumwa 1827, jamani, si enzi za Nuhu. Sojourner Truth, yule mama mweusi aliyepigania utumwa ukomeshwe, alizaliwa mtumwa ng’ambo ya mto Hudson, na lugha yake ya kwanza ilikuwa hicho hicho Kiholanzi. Mtu anayelipwa kusimulia habari za Waholanzi wa huko asilijue hilo? Au analijua, ndiyo maana akanikata kauli. Sijui lipi baya zaidi.

Kijijini hapo hapo kuna makaburi ya zamani ya watu weusi. Hayakuwa kwenye ratiba. Wenzangu walipokwenda kupanga foleni ya donati, nikamuuliza mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa anatembeza mbwa. Hakunielekeza tu, alinisindikiza mpaka pale, akavua kofia, akaniacha nisali. Nilikuwa sijamaliza, dereva akaanza kunipigia honi, eti nawachelewesha watu.

Kwa hiyo nyota moja. Hapana, mji haujanikosea, na yule mzee nitakuwa nimemwonea. Basi tatu: mbili za mzee, moja ya mlango. Donati nilizikuta zimeisha. Na hao wenye basi, wakitaka kunirudishia hela yangu, namba yangu wanayo.