Nimelipia grupu la maua, nikaishia kuitwa mwizi

Jamani hili grupu la WhatsApp la maua ya ndani, lile la kutoa ada kwanza ndo uungwe, leo naliandika nikiwa na hasira na sifichi.

Mimi ni wa Tanga na ugonjwa wangu ni Saintpaulia. Ua letu kabisa hili, asili yake Usambara na milima mingine ya Tanzania na Kenya, Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire akatuma mbegu kwao mwaka 1892 likabaki na jina lake, Wamarekani wana chama chao cha ua hili tangu 1946, ila huku lilikotoka kumpata mtu wa kuongea naye habari zake ni shughuli. Ndo maana hela ya ada niliitoa bila kunung'unika.

Sasa juzi kati langu la pinki likachanua, nimeliotesha kwa jani alilonipa shangazi, nikaposti picha. Watu hata hawajamaliza kukomenti admini kaibuka: "Hilo umeling'oa msitu wa Amani. Wezi humu hatuwataki." Kafuta picha, kafunga grupu wasiandike ila maadmini. Mama wa watu namwamkia shikamoo kila asubuhi, leo mwizi mbele ya grupu zima!

Na hilo ndo linaloniuma, kwamba hata kuangalia hakuangalia. Saintpaulia ya msituni ina petali tano, safu moja, zambarau ya kukaribia bluu. Langu pinki, petali tabaka kwa tabaka, pembeni zimejikunja kama marinda ya gauni. Hilo halioti Amani wala porini kokote, ni kazi ya watu kuchavusha na kuchagua miaka na miaka. Unachukua hela za watu kufundisha maua halafu hulijui hilo? Najua Amani ni hifadhi, na za porini zinapungua kweli kwa sababu misitu inakatwa, mimi mwenyewe nikimkuta mtu anang'oa nitapiga kelele. Lakini si unauliza kwanza!

Haya, nisiwe mnyimi wa fadhila, wanachama wa humo ni watu. Ni wao walionifundisha kumwagilia kwa chini, unaweka maji kwenye kisosi mzizi unyonye wenyewe, maana maji ya baridi yakigusa yale majani yenye manyoya yanaacha madoa. Udongo unachanganya na makumbi ya nazi ili usituamishe maji. Jani unalikata na kikonyo chake, unachomeka kidogo tu, unafunika na chupa ya maji iliyokatwa, baada ya wiki kadhaa vinaanza kutokeza vijani pale chini, vidogo mpaka umulike na tochi ya simu. Dada mmoja wa Mombasa alikaa na mimi kwenye simu usiku tukikagua shina lililooza, hanijui simjui. Kwa watu kama hao ningesema jiungeni, hela haipotei.

Ila hapana, kadiri ninavyoandika ndo napanda. Msilipe. Msilipe kwanza mpaka picha yangu irudi. Ameshanitumia inboksi eti "yaishe mwanangu". Hayajaisha, kanitukana mbele ya watu, radhi aiombe mbele ya watu haohao.