Ofisi ya mawakili iliyofuta sababu saba za rufaa yetu

Ofisi ninayoitathmini ina vyumba viwili tu, ghorofa ya pili, hatua chache kutoka mahakama za Mombasa, na sitaitaja jina kwa kuwa tathmini hii ina lawama ndani yake. Nilifika pale nikiwa na bahasha ya kaki iliyojaa karatasi za mdogo wangu, ambaye alihukumiwa kifo kwa kosa la mauaji, akakata rufaa ikatupwa na Mahakama ya Rufaa, kisha akarudishwa Mahakama Kuu kupangiwa adhabu upya kufuatia uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 14 Desemba 2017 katika kesi ya Muruatetu, ulioondoa ulazima wa adhabu ya kifo kwa kila anayepatikana na hatia ya mauaji. Alipewa miaka 30, nasi tukataka kuikatia rufaa adhabu hiyo.

Kabla ya kufika ofisini hapo nilikuwa nimemlipa mpiga chapa mmoja aliyejiita mtaalamu wa rufaa shilingi 15,000, akaniandikia hati yenye sababu tisa. Wakili, mama wa makamo, aliisoma kimya hadi mwisho, akachukua kalamu nyekundu. Shahidi alimtambua mshtakiwa usiku bila gwaride la utambulisho, yaani kumchagua kati ya watu waliopangwa mstari: kalamu ikapita. Kisu hakikupimwa alama za vidole: kalamu ikapita. Alipoinua kichwa zilikuwa zimebaki mbili.

"Kaka," akaniambia, "haya saba yalishaamuliwa na Mahakama ya Rufaa. Jaji aliyempangia adhabu upya hakugusa hatia, kwa hivyo hakuna uamuzi mpya wa hatia wa kuukatia rufaa."

Iliniuma, lakini kwa maelezo hayo peke yake ada yao ilikuwa halali. Kilichofunguliwa upya ni adhabu tu, na mahakama inayosikiliza rufaa haiingilii adhabu kwa kuwa ingependa nyingine. Sharti ionyeshwe kwamba jaji alikosea kanuni, alisahau jambo la maana au alitoa adhabu iliyokithiri. Sababu mbili zilizosalia zilikaa humo barabara. Mdogo wangu alikaa rumande miaka minne ambayo jaji hakuizingatia, ingawa kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai kinamtaka aizingatie, na vyeti vyake vya useremala kutoka gerezani havikutajwa popote katika uamuzi.

Nikamtajia jirani anayesema usiku ule alimwona mdogo wangu kwingine kabisa. Wakili akanieleza kwamba ushahidi wa namna hiyo una mlango wake, yaani ombi la kesi mpya katika Mahakama Kuu chini ya Ibara ya 50(6) ya Katiba, ila ni lazima uwe mpya na wenye uzito, wala hauwezi kupenyezwa kwenye rufaa ya adhabu. Kisha akauliza: "Wakati wa kesi mlikuwa hamjui kwamba yupo?" Tulikuwa tunajua. Nikanyamaza.

Nikiwa bado kwenye benchi, ilikuja familia ya mfungwa wa wizi wa kutumia nguvu ikitaka naye arudishwe kupangiwa adhabu upya kwa kutegemea Muruatetu. Walielezwa kwa upole kwamba Mahakama ya Juu ilifafanua tarehe 6 Julai 2021 kuwa uamuzi ule unahusu mauaji pekee, wakaondoka bila kutozwa hata ada ya ushauri. Sijui ofisi nyingi ambazo zingeziachia pesa hizo.

Lawama sasa. Simu haipokelewi. Nakala ya mwenendo wa kesi ilikuwa tayari wiki nzima kabla ya mimi kujua, na nilijua kwa kupanda ngazi mwenyewe. Gharama za fotokopi zilidaiwa kando ilhali hazikuwemo katika makubaliano, japo nilipolalamika waliniandikia risiti na kunipunguzia nusu.

Rufaa imeshasikilizwa kwa sababu zile mbili na tunangoja hukumu. Nawapa nyota nne. Ya tano wataipata siku watakapoajiri mtu wa kupokea simu.