Santa Fe kwa mwendo wa pole: pesa yako iende wapi?

Haya, karibuni tena. Leo hatuchambui simu wala jiko la umeme, leo tunachambua mji. Santa Fe, makao makuu ya jimbo la New Mexico, kusini-magharibi mwa Marekani. Mimi na mume wangu tumetoka huko juzijuzi, na kwa sababu wengi wenu mnaoishi huku ughaibuni mnauliza likizo ya watu wawili wasio na haraka muipeleke wapi, tutausema mji huu kama tunavyosema bidhaa yoyote: kipi kinastahili pesa yako, kipi upite tu.

Kwanza pumzi. Mji uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, umeipita hata Nairobi. Mume wangu ni mtu wa Tanga, ngazi za hoteli tu alizipanda anahema. Siku ya kufika msipange kitu. Kunyweni maji, pakeni mafuta midomoni maana hewa ni kavu, mlale mapema.

Sasa tazameni hizi picha. Kuta za rangi ya udongo, kona zimeviringana, paa bapa, boriti zimechomoza nje. Aliyepita Dodoma akaona tembe la Wagogo hatashangaa sana. Tofali lenyewe ni udongo, mchanga na majani makavu, linaanikwa juani, halichomwi. Wenyeji, watu wa Pueblo, walikuwa wakijenga kwa udongo karne nyingi kabla ya Wahispania. Wahispania walikuja na kalibu ya kufyatulia tofali, na kufikia 1610 mji wao ulikuwa umesimama.

Ila nikwambieni jambo ambalo vipeperushi havilisemi kwa sauti. Nyumba nyingi mnazoziona pale si za udongo. Ndani ni mbao au tofali za saruji, juu imepigwa plasta yenye rangi ya udongo. Tangu 1957 mji una sheria: ukijenga eneo la kihistoria, fuata mtindo huo. Hadi jengo la kuegesha magari limevaa sura hiyo! Mume wangu akasema, "Mke wangu, haya si maigizo haya?" Mimi nasema hapana. Bila sheria hiyo, ghorofa zingeshaziba milima zamani, na leo hii ukisimama kwenye karibu kila njia ya katikati ya mji unaiona milima. Mkitaka kujua nyumba ipi ni ya kweli, angalieni dirisha. Ukuta wa udongo ni mnene, dirisha limezama ndani kiasi cha kukalia. Na saruji juu ya udongo wa kweli ina madhara: inafungia unyevu, tofali linalainika ndani kwa ndani huku nje kukiwa safi kabisa.

Jengo la kuanza nalo ni Palace of the Governors, pale uwanja wa Plaza. Ni la wakati huohuo wa 1610, kasri la magavana wa Kihispania. Mwaka 1680 watu wa Pueblo waliungana chini ya kiongozi wao Po'pay, wakawafukuza Wahispania, wakakaa humo wenyewe mpaka 1693. Leo nendeni mkasimame mbele ya jengo hilo, chini ya baraza lake refu. Wazawa wa watu wale na wenyeji wa makabila mengine wamekaa wameegemea ukuta, vitambaa vimetandikwa chini, wanauza vito vya fedha na mawe ya feruzi, na vyungu.

Hapa ndipo pesa yangu ilipokwenda, na sijutii hata senti. Nafasi za kukaa zinagawiwa kwa bahati nasibu asubuhi, na muuzaji lazima auze kilichotengenezwa na yeye au watu wa nyumbani kwake. Hebu sogeza kamera. Hii pete, igeuzeni hivi: mmeiona alama ndogo iliyogongwa ndani? Hiyo ni ya fundi mwenyewe. Jiwe nalo si la buluu tupu, lina mishipa ya kahawia inayokatiza, na ukingo wa fedha umekunjwa kwa mkono, pale upande mmoja umepanda kidogo kuliko mwingine. Muulizeni aliyeitengeneza, atakueleza jiwe limetoka mgodi gani. Ila jamani, msipeleke mazoea ya Kariakoo. Kuuliza bei ni sawa, kukata bei nusu ni kumtukana fundi.

Canyon Road je? Ni barabara nyembamba yenye majumba ya sanaa zaidi ya 80, kuingia ni bure. Bei za ukutani si zetu sisi, lakini hakuna anayekufukuza. Tembeeni jioni jua likishalegea, mkichoka mkae kwenye bustani za sanamu.

Kwenye makumbusho, kama ni kulipia moja tu, lipieni Museum of International Folk Art. Kuna ukumbi wa vitu alivyokusanya mbunifu Alexander Girard na mkewe Susan, vipande zaidi ya 100,000 walivyovitoa, na sehemu tu ndiyo imewekwa nje. Girard aliupanga ukumbi mwenyewe: harusi, soko, maandamano ya kanisani, vyote vya wanasesere wadogo wadogo, na kwenye kabati hakuna maelezo. Unainama, unatazama, mwenzio anakuita "njoo uone huyu mpiga ngoma!" Tuliingia asubuhi tukatoka na njaa ya mchana. Makumbusho ya mchoraji Georgia O'Keeffe ni mazuri lakini madogo, kateni tiketi mapema. Loretto Chapel, kanisa dogo, mtakwenda kwa ajili ya ngazi yake ya mbao, vidato 33, mizunguko miwili kamili bila nguzo katikati. Haipandwi, inatazamwa, na dakika kumi zinatosha. Meow Wolf, nyumba ya maajabu ndani ya uliokuwa ukumbi wa bolingi, mume wangu aliingia kwa mlango wa friji akapotea kama mtoto. Mimi kichwa kiliniuma na kelele zile. Ni ghali, amueni wenyewe.

Chakula mtaulizwa kila mahali: nyekundu au kijani? Ni pilipili ya huko, inamwagwa kama mchuzi juu ya kila kitu. Ukijibu "Krismasi" unaletewa zote mbili. Ya kijani ndiyo iliyotutoa jasho. Agizeni na sopaipilla, unga wa ngano uliokaangwa ukafura, unatoboa kona unamimina asali, moto unapoa mdomoni.

Kuhusu msimu: Julai kuna soko la sanaa za jadi la kimataifa, Agosti soko la sanaa la Wahindi Wekundu lililoanza 1922. Ni raha, lakini vyumba vinajaa na bei zinaruka. Mkitaka utulivu, nendeni mwishoni mwa Septemba au Oktoba, milimani majani yamegeuka dhahabu. Gari si lazima. Shukeni Albuquerque, pandeni treni ya Rail Runner, saa moja na nusu hivi, na kutoka kituoni mpaka Plaza ni mwendo wa miguu. Ratiba ya wikiendi tu ndiyo muiangalie, treni ni chache.