dgVoodoo2 kwa magemu ya zamani: picha inarudi, ila setingi zake zinachosha

Wakuu, kama una laptopu ya miaka ya karibuni na unataka kurudisha GTA Vice City au yale magemu ya enzi za CD, hii dgVoodoo2, programu inayosaidia magemu ya zamani kuonyesha picha kwenye Windows za sasa, nimeitumia vya kutosha naweza kuiongelea. Ni ya bure, haiinstolewi, ni zip tu, unaifungua unachukua faili unazotaka basi.

Kilichonipeleka huko ni Vice City ya PC, ile ya 2003. Laptopu ina Windows 10 na kioo cha 1920 kwa 1080, unabofya gemu linakwambia eti halijapata video memori ya kutosha. Aisee! Gemu lenyewe linaomba kadi ya MB 32 tu na mashine ina memori hadi inamwagika, na hiyo ndo shida yenyewe, memori imezidi, gemu la enzi zile likikutana na namba kubwa hivyo hesabu zinalivuruga linaona kama hakuna kitu. Sasa dgVoodoo inachofanya inakaa katikati, gemu likiita Direct3D 8 (njia ya zamani ya Windows ya kuchora picha za 3D) yeye ndo anaitika, anajifanya kadi ya zamani yenye memori utakayompangia (mimi nimeweka MB 256), halafu kazi yote anaipeleka kwa Direct3D 11 au 12 ambayo kadi ya sasa inaielewa vizuri. Jina nadhani wazee wa kompyuta wanalikumbuka, Voodoo zilikuwa kadi za 3dfx, kampuni iliyokuja kuuza mali zake kwa Nvidia, na kweli hii programu inaendesha hata magemu ya Glide, njia ya kuchora picha ya kadi hizo za 3dfx, ya wakati ule.

Jinsi ya kuiweka: ndani ya ile zip ingia folda ya MS halafu x86 (ya biti 32), sio x64 (ya biti 64), hata kama Windows yako ni ya biti 64 maana magemu haya yenyewe ni ya biti 32. Vice City inataka D3D8.dll (dll ni faili la msaada ambalo gemu linalisoma likiwaka), unaikopi unaiweka pembeni ya faili la kuwashia gemu. Magemu ya zamani zaidi yanataka DDraw.dll na D3DImm.dll. Na dgVoodooCpl, ile programu ya setingi zake, nayo ikopi humo humo, ili setingi zisevu kwenye folda ya hilo gemu. Usirundike dll zote kila mahali, weka inayohitajika.

Hapa kwenye setingi ndo penye maneno. Dirisha lake limejaa vitufe utadhani chumba cha rubani wa ndege, na maelezo ni ya mtu anayejua tayari. Cha kwanza nenda sehemu ya DirectX utoe tiki kwenye Watermark, la sivyo utacheza na nembo ya dgVoodoo pale kona ya chini muda wote (ila kabla hujaitoa itakuonyesha kwamba dll imeshika kweli, kama nembo haionekani ujue gemu halijaisoma). Cha pili ni scaling mode, yaani jinsi picha inavyokuzwa kujaza kioo, chagua ile ya Keep Aspect Ratio. Ukiacha picha ivutwe kujaza kioo Tommy Vercetti, yule mhusika unayemchezea Vice City, anakuwa bonge na magari yanakuwa mapana kama yamekanyagwa. Ukiweka hiyo, 1024 kwa 768 inakaa 1440 kwa 1080 katikati na pembeni unabaki na weusi wa piseli 240 kila upande. Mimi sioni tabu na weusi, bora umbo sahihi. Rezolusheni ukiipandisha kuwa 2x kingo za majengo zinakuwa kali kuliko tulivyozoea enzi zile.

Ila msidanganyane, dgVoodoo haikuongezei upana wa kuona. Ukitaka gemu lijae kioo kizima bila kuvutwa hapo unahitaji Widescreen Fix ya ThirteenAG, kiraka cha kulifanya gemu litumie vioo vipana, ni kazi tofauti. Na Frame Limiter ya ndani ya gemu, inayozuia idadi ya picha kwa sekunde isizidi, iacheni imewashwa, ukiizima gemu linakimbia na vitu vinaanza kufanya vituko.

Kitu kingine kilichokuwa kinakera, mausi inabofya pembeni ya kitufe na kipande cha picha kinakatika. Hiyo sio dgVoodoo, ni Windows inakuza kila kitu kwa asilimia 125 au 150. Raiti kliki faili la gemu, Properties, Compatibility, Change high DPI settings, weka tiki kwenye override na uchague Application. Kwisha.

Kwa Age of Empires II ya 1999 hapo dgVoodoo sijaipenda, nimeiacha nikachukua cnc-ddraw, programu nyingine ya kazi kama hiyo kwa magemu ya zamani. Lile gemu linatumia rangi 256 tu, na kwenye Windows 7 desktop ilikuwa inavuruga ile orodha ya rangi, majani yanakuwa zambarau na maji mekundu, ndo maana watu walikuwa wanazima explorer (programu inayoonyesha desktop) kwenye Task Manager kabla ya kucheza. cnc-ddraw inazishika rangi zenyewe, unaweka ddraw.dll na ddraw.ini yake kwenye folda, ndani ya hiyo ddraw.ini, ambayo ni faili la setingi, unaandika maintas=true ili umbo lisivutwe, unawasha gemu na nyasi ni kijani.