Kaunta mpya ya jiko Tanga: kaunta imekaa vizuri, ukuta umeumizwa

Kaunta imekaa. Ukiweka pima maji popote juu yake, kipovu kinasimama katikati. Kwa hilo nilitaka kuwapa mafundi hawa nyota nne, ila kila nikitazama ukuta hasira inapanda.

Vigae vitano vya mstari wa chini vimepasuka, na chanzo ni kimoja: wakati wa kung'oa kaunta ya zamani, fundi mkuu aliingiza mtaimbo kabla ya kukata silikoni, ile gundi laini inayoziba pengo la kaunta na ukuta. Kaunta ya zamani haishikiliwi na skrubu peke yake. Silikoni ya miaka mingi nayo imeing'ang'aniza ukutani, ukiinyanyua hivyo hivyo kinachoumia ni kigae, kwa sababu hakipindi. Unapitisha kisu chenye wembe mpya kona hadi kona, unarudia mpaka wembe upite bila kukwama. Unafunga koki, unafungua mipira ya maji na bomba la kutolea maji huku umetega ndoo. Kisha unaingia kabatini na kufungua skrubu kutoka chini. Ndipo unainua upande wa mbele na kuivuta kuja kwako. Ikigoma, kuna skrubu imesahauliwa. Itafute, usiongeze nguvu. Chuma kikilazimu, kiegemee kipande cha ubao mpana, kamwe si kigae.

Nilipomwonyesha nyufa akanijibu, “Mama, vigae vyako vilishachoka.” Havikuchoka! Vilikuwa vimeshikwa barabara na saruji, ndiyo maana vilipasuka katikati badala ya kubanduka. Rangi ile madukani Ngamiani nimeikosa.

Tena skrubu alizokuja nazo zilikuwa za milimita 60. Ubao wa kaunta una unene wa milimita 38, reli ya kabati, ule ubao unaobeba kaunta, 18, jumla 56. Zingetokeza juu! Nikazikataa, zikafungwa za 45, za chuma kisichoshika kutu, maana upepo wa chumvi wa huku Raskazone unazila zile za kawaida mpaka bisibisi inakosa pa kushika.

Kijana msaidizi nampa haki yake. Bila kuambiwa, alipaka silikoni kwenye kingo mbichi za tundu la sinki kabla ya kulishusha. Maji hupenyea hapo hapo, chipubodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandamizwa, ikafura, na laminati, lile ganda gumu la juu, ikabanduka. Kwa kazi ile nilikuwa tayari kusema waiteni, mradi msimame nao.

Lakini mkuu wake akamalizia kwa kuziba pengo la ukutani kwa saruji nyeupe. Ubao hutanuka na kusinyaa kwa unyevu, na saruji haifuatani nao. Itapasuka, maji yashuke nyuma ya kabati. Pale panataka pengo la milimita tatu hivi na silikoni ya jikoni, basi. Nimeikwangua yote na kupaka upya.

Msiwaite. Nyota ni moja, nayo ni ya yule kijana, na gharama ya vigae bado naidai.